Mkono wa Palmira kwenye Pampu

Mtu akikwambia alikuwepo Borgo San Defendente siku ile ya mashindano, muulize alikaa wapi. Ukiwahesabu wote wanaosema walikuwepo, uwanja wetu ungebidi uwe mkubwa kuliko Torino nzima. Mimi nilikuwepo. Nilikaa mlangoni kwangu, mgahawa nyuma yangu, sufuria tatu za utumbo motoni, na ukikaa mlango ule hakuna cha mji huu kitakachokupita. Nisichokiona kwa macho yangu huletewa kabla hakijapoa.

Naitwa Delfina. Marehemu mume wangu aliniachia meza tisa na mimi mwenyewe nilikuwa na ulimi, basi tukaendelea hivyo.

Celso Bergesio alikuwa mhunzi wetu, mtoto wa mhunzi. Angezeeka akipiga viatu vya farasi kama baba yake, ila mwaka wa 1904 gari la tajiri mmoja lilimfia mbele ya karakana, na Celso akalitengeneza kwa siku mbili bila kulala. Tajiri akaondoka na gari lake, Celso akabaki na ugonjwa. Kuanzia hapo farasi wakawa wanasubiri foleni kama watu wa posta. Miaka minne alikuwa anajenga gari lake mwenyewe, chuma baada ya chuma. Silinda alimiminiwa na fundi wa kengele za kanisa, kwa sababu ndiye pekee wilayani aliyekuwa na tanuri kubwa, na watu walisema ndiyo maana gari lile lilinguruma kwa sauti ya Jumapili. Tuliliita Bigia, kwa ajili ya rangi yake ya kijivu, ile ya punda mzee.

Bigia lilikuwa gari la maisha mawili. Jumatatu hadi Jumamosi lilivaa madigadi, taa, na kiti cha nyuma, likampeleka Daktari Solaro kwa wagonjwa wa milimani, likabeba maharusi, na siku moja lilimbeba nguruwe jike mwenye mimba ambaye, ninavyoambiwa, alilipenda. Jumapili Celso alishika spana. Madigadi chini, taa chini, kiti chini, vyote vinarundikwa uani kwangu kati ya kuku, na baada ya dakika arobaini gari la harusi limekuwa gari la mashindano: boneti, viti viwili, tangi, minyororo miwili ya kuzungusha magurudumu, basi.

Lakini lilikuwa na tabia moja. Tangi lilikaa nyuma na chini, injini mbele na juu. Barabara ikiwa tambarare, hamna neno. Likipanda mlima, petroli haikubali kupanda peke yake, lazima mtu akae kushoto kwa dereva na kupiga pampu ya mkono, ausukume upepo ndani ya tangi ili petroli ipande. Ukipiga kidogo, injini inakufa njaa. Ukizidisha, maungio yanavuja na unaweza kuungua na nyusi zako. Mwendo wake ni mapigo matatu ya haraka na moja la polepole. Na mtu wa kwanza kuujua mwendo ule hakuwa Celso. Alikuwa mkewe, Palmira.

Maana nani mwingine angekaa pale? Kila Jumapili ya majaribio, baada ya misa, ungemwona Palmira amefunga kilemba, anapiga pampu huku uso umenuna, vumbi hadi kwenye meno. Baadaye Celso alimpata binamu yake Ghigo, mtu wa kilo sitini na nne, mwenye mabega, akampokea kazi. Lakini mwendo Ghigo alifundishwa na Palmira, jikoni, kwa kijiko juu ya meza.

Palmira alitaka nini? Mji mzima ulijua, kwa sababu hakuficha. Alitaka Rosario, Argentina. Kaka yake Fiorenzo alikwenda huko, akapata kazi, akaja kumchukua mama yao. Miaka sita Palmira hajamwona mama yake. Barua zilikuja, na kwa vile mama hajui kuandika, zilikuwa barua za Fiorenzo, za mistari minne, mitatu kati ya hiyo ya hali ya hewa.

Mwezi wa pili mwaka ule wa 1908 walikuja kula kwangu, wao wawili, na Daktari, na Padri Eusebio. Nilikuwa nimepika ugali wa mahindi na sungura. Palmira hakugusa.

"Celso," akasema, "mama yangu ana miaka sabini na mbili. Nikisubiri gari lako liishe, nitakwenda kumsalimia kaburini."

"Limeisha."

"Limeisha mara kumi na moja. Nimehesabu."

Padri akacheka, akajifanya anakohoa. Celso akaweka uma chini. Alikuwa mtu wa maneno machache, mikono yake ndiyo ilikuwa inaongea.

"Mwezi wa sita kuna mashindano ya kupanda mlima wetu," akasema. "Torino wanaleta magari matatu ya kiwandani. Nikiingia ndani ya watatu wa kwanza, karakana itapata kazi za maana, tunabaki, nawe usinitajie tena Rosario. Nikikosa, nauza karakana, tunapanda meli."

"Unasema hivyo kwa sababu umekunywa."

"Toa mkono."

Kwetu, kama mnavyojua mnaofika mnadani, mkono ukitolewa kwa neno zito haujatimia mpaka mtu wa tatu aukate. Wawili wanashikana, wa tatu anapitisha kiganja chake katikati kama kisu na kuwatenganisha, na hapo neno limefungwa. Ng'ombe wameuzwa hivyo, na mashamba, na hata mabinti, tusifichane. Wakashikana. Palmira akaniangalia mimi.

"Kata, Delfina."

Nikakata. Na nakiri, moyoni niliomba Celso ashinde. Si kwa ubaya. Jumapili za Bigia mgahawa wangu ulijaa hadi watu wanakula wamesimama, na Palmira alikuwa shoga yangu. Nani anataka shoga yake avuke bahari?

Basi, siku ikafika. Magari kumi na tisa uwanjani, bendi inapiga, wanawake wa Torino na kofia kama vikapu vya matunda. Magari ya kiwandani yalikuwa matatu, mekundu, yanang'aa, na mafundi wao wamevaa sare. Mmoja wao alizunguka Bigia mara moja, akachungulia boneti.

"Hili mmelivua wapi, mtoni?" akauliza.

"Kwa dada yako," Ghigo akamjibu, "alikuwa analichungia mbuzi."

Masharti yalikuwa kila gari watu wawili, dereva na wa pampu, na hakuna kati yao wa kupungua kilo sitini. Walipimwa kwenye mizani yetu ya ndama, pale pale mbele ya kanisa. Ghigo alipimwa, Celso alipimwa, karani akaandika. Kisha ikaja baraka.

Sisi hatuanzishi kitu bila baraka. Tunabariki mashamba, nyuzi za hariri, mbwa siku ya mtakatifu wa mbwa. Padri Eusebio alipita gari kwa gari na ndoo ya maji ya baraka. Kwa magari ya Torino alinyunyiza kidogo, kwa adabu. Kwa Bigia, ambalo ni la kwetu, aliona kunyunyiza kwa mbali ni uchoyo. Akapanda kwenye ubao wa pembeni, akainama ndani, akabariki usukani, akabariki viti, akabariki pampu, akambariki na Celso sikioni. Sisi sote tukapiga makofi.

Sasa, juu ya usukani wa Bigia kulikuwa na kijiti kidogo cha kupanga moto wa cheche. Wakati wa kuwasha, lazima kirudishwe nyuma ili cheche ichelewe. Kikiwa mbele, cheche inawahi, na injini inarusha hendeli ya kuwashia kinyume kwa nguvu ya teke la nyumbu. Celso alikuwa amekirudisha nyuma. Joho la Padri, mkono ule mpana wenye lesi aliyoshona dada yake, likakinasa na kukisukuma mbele. Hakuna aliyeona. Wote tulikuwa tumeinamisha vichwa.

Ghigo akaenda mbele, akashika hendeli, akazungusha.

Mlio wa mfupa ule niliusikia kutoka mlangoni. Ghigo akakaa chini vumbini, mkono wake umepinda mahali ambapo mkono haupindi, akasema taratibu kabisa, "Padri, ongeza maji kidogo na huku."

Daktari Solaro alimfunga vipande vya mbao pale pale. Kwenye kijiti kulikutwa uzi wa lesi, na Padri alikuwa mweupe kama karatasi, anarudia, "Ni mimi? Ni mimi?" Celso alisimama kando ya gari, anamtazama binamu yake, kisha anatazama kiti kile kitupu.

Tukaanza kutafuta mtu. Kinyozi alijitolea, akapanda mizani: kilo hamsini na nne, pamoja na mkasi mfukoni. Mwoka mikate alikuwa na kilo za kutosha watu wawili, lakini alikuwa anasherehekea tangu alfajiri na mizani ilimchanganya akataka kuikumbatia. Na hata angepatikana wa kilo, angejua mwendo? Msimamizi wa Torino, bwana mmoja mwenye glavu nyeupe, akaangalia saa yake.

"Gari namba kumi na nne," akasema, "mnaanza baada ya dakika ishirini au hamwanzi."

Celso akavua miwani yake ya vumbi. "Basi," akasema. "Tumekosa."

Macho yote, yangu yakiwemo, yalikwenda kwa Palmira, aliyekuwa amesimama karibu na kisima na mtandio wake wa kanisani. Kila mtu alijua maana ya neno lile. Kutokuanza ni kukosa, na kukosa ni meli. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Kunyamaza kuna kazi gani?

Akaja katikati ya uwanja.

"Nani kasema tumekosa?"

"Palmira," Celso akasema, "hamna mtu."

"Na mimi ni nani, ndoo? Nani alipiga hiyo pampu mwaka mzima kabla ya Ghigo?"

"Mimi nimefundishwa na yeye," Ghigo akasema kutoka chini, "kwa kijiko."

Msimamizi akaguna. "Mwanamke? Bibi, haya ni mashindano."

"Masharti yanasemaje?" Daktari akamwuliza.

Bwana yule akafungua kijitabu, akalowesha kidole, akapekua kurasa. Hakukuwa na kitu. Waliokiandika hawakuwahi kufikiria kwamba jambo kama hilo litatokea, kwa hiyo hawakulikataza.

"Apimwe," akasema, kama mtu aliyemeza mfupa.

Basi Palmira akapanda mizani ya ndama mbele ya mji mzima na wageni wa Torino. Karani, mjinga yule, akapaza sauti kama ilivyo desturi ya mnadani: "Kilo sabini na moja!"

"Toa viatu na sketi tatu, mpumbavu!" Palmira akamwambia. "Na ukirudia tena nitakupima wewe, kichwa peke yake, tuone kama mshale utatikisika."

Watu walicheka hadi bendi ikakosa pumzi. Lakini kwenye kucheka huko kulikuwa na mnong'ono, nami nilikuwa kati yake. Mtu mmoja kule nyuma akasema kwa sauti: "Celso, umempa funguo za duka mtu anayetaka kulifunga!"

Nikamfuata Palmira wakati anajifunga kilemba. Nikamshika kiwiko.

"Shoga, kwa nini? Ungekaa kimya."

"Kama ni kwenda, nitakwenda," akasema, "lakini sitapanda meli kwa sababu ya joho la padri. Miaka yote ijayo Celso angekuwa ananiangalia kama aliyeibiwa. Nifunge hapa nyuma, vizuri, si kama unafunga mzoga."

Nikamfunga.

Wakaondoka. Celso alizungusha hendeli mwenyewe, kijiti amekikagua mara tatu, akaruka kwenye kiti, na Bigia likapita mlangoni kwangu likiacha moshi hadi ndani ya utumbo. Cha mwisho nilichokiona ni kiwiko cha Palmira kikienda na kurudi. Matatu ya haraka, moja la polepole.

Njia ya mlima wetu ni kilomita kumi na mbili, kona ishirini na saba, hadi kwenye kanisa dogo la juu. Kutoka uwanjani huoni kitu, ila unasikia kila kitu. Sauti ikiingia nyuma ya bega la mlima inazimika, ikitoka inarudi, na sisi wenyeji tunajua kona kwa masikio. Bigia lilipanda kama halijawahi kupanda. Kona ya tano, ya tisa, ya kumi na tatu. Daktari alikuwa na saa mkononi. "Wako mbele ya jekundu la pili," akasema. "Wako mbele, jamani, wako mbele!" Ghigo alikuwa anapiga mwendo mezani kwa mkono wake mzima.

Kona ya kumi na tisa, pale wanapovunja mawe, sauti ilishuka.

Haikukatika. Ilishuka. Injini ikakohoa, ikakohoa tena, kama mtu mzima aliyepaliwa na anaona haya kukohoa kwa sauti. Uwanja mzima ukaweka vikombe chini. Wanawake wa kwetu hawana saa, mayai wanayachemsha kwa sala, na mama mmoja karibu yangu alikuwa ameanza Salamu Maria bila hata kujua. Akaimaliza yote. Akaanza ya pili. Ndipo sauti ikarudi, ikajaa, ikaondoka na mlima.

Hakuna aliyemwangalia mwenzake.

Matokeo yaliletwa na mtu wa baiskeli, akashuka na karatasi mdomoni. Karani akaandika kwa chaki. Magari mekundu mawili, la kwanza na la pili. La tatu, gari la bwana mmoja wa Milano. La nne, Bigia. Jekundu la tatu lilikuwa chini yao, la sita huko, na fundi wao yule wa mtoni alitazama ubao kama unamtukana. Siku nyingine yoyote tungepiga kengele. Lakini kati ya wa tatu na wa nne kulikuwa na sekunde tisa, na kila mwanamke pale alijua Salamu Maria inachukua muda gani.

Waliposhuka ilikuwa saa saba mchana, na mgahawa wangu umejaa hadi dirishani. Niliwawekea meza ya katikati, sahani mbili za utumbo, mkate, chupa ya mvinyo mwekundu. Wakakaa. Nyuso zao nyeusi kwa vumbi, macho tu na duara za miwani. Palmira mkono wake wa kulia alikuwa ameuweka juu ya meza kama kitu alichokiokota njiani.

Hakuna aliyeanza. Kwangu! Ukimya kwangu, mahali ambapo hata mazishini watu hukatizana. Ghigo akashindwa kuvumilia.

"Ni ile ngozi ya pampu," akasema. "Nilisema ibadilishwe. Si nilisema? Ngozi ikikauka inakula upepo."

Watu wakaipokea kwa shukrani. Ndiyo, ngozi. Ngozi ya siku hizi. Kinyozi akaanza kueleza habari za ngozi.

"Ndiyo," Celso akasema, akiangalia sahani yake. "Ilikuwa ngozi."

Palmira akageuza kichwa polepole, akamwangalia mumewe. Kisha akasimama.

"Ngozi haina neno," akasema. "Ni mpya, niliikata mwenyewe wiki iliyopita. Mkono ndio ulioacha."

"Palmira, kaa ule," nikamwambia.

"Niache, Delfina. Sijaja kula." Sauti yake ilikuwa kavu. "Mpaka kona ya kumi na nane nilipiga kama mashine. Hapo nikaona bonde lote chini, reli, na moshi wa treni inayokwenda Genova, kwenye meli. Nikasema, Palmira, acha tu. Acha kidogo. Hata hatajua. Nikaacha. Nikakaa na mkono juu ya goti kama bibi aliyepanda kwenda sokoni."

"Halafu?" Daktari akauliza kwa upole.

"Halafu likakohoa." Akakaa tena. "Miaka minne nimeishi na kikohozi hicho ndani ya nyumba. Usiku nikikisikia ninajua kama ni petroli au ni maji. Sina mtoto, Daktari, unajua wewe. Nikasikia linakohoa, na mkono ukarudi wenyewe. Lakini nilishachelewa. Basi mjue wote. Neno tulilokata hapa halipo, nimelivunja mimi kwa hila. Celso abaki na karakana yake. Delfina, njoo ufute."

Akanyoosha mkono ule mbaya juu ya meza, kumpa mumewe, ili nami nije nikate mara ya pili. Ndivyo inavyofutwa kwetu. Nikasogea. Nakiri, nilisogea haraka.

Celso akaingiza mikono yake yote miwili mfukoni.

"Toa mkono," Palmira akamwambia.

"Sitoi."

"Nimekudhulumu mbele ya mji mzima!"

"Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Nilijua palepale. Macho yalikuwa barabarani, masikio yalikuwa kwako." Sijawahi kumsikia Celso akisema mengi namna ile, wala sikumsikia tena. "Nilisikia pampu imenyamaza. Ningeweza kupiga kelele. Ila nilifikiri, miaka minne mkono huu unanifanyia kazi, na sijawahi hata siku moja kuuliza kama umechoka. Leo umeacha. Basi umechoka. Nikasubiri."

"Ukasubiri? Katikati ya mashindano?"

"Ningefanya nini, nikushushe?"

Mtu akacheka, kisha akaona haya. Palmira alikuwa anafuta macho kwa kilemba, anajipaka vumbi zaidi.

"Kwa hiyo unauza karakana kwa ajili ya uongo wangu?" akasema. "Sikubali. Tunabaki."

"Tulikata kwamba nikikosa tunaondoka. Nimekosa. Tunaondoka."

"Umekosa kwa sababu yangu!"

"Nimekosa ni nimekosa. Wa nne ni wa nne. Muulize karani."

"Mkaidi wewe! Kichwa cha nyundo!"

"Na wewe?"

Basi ikawa hivyo, mnaweza kuamini? Miezi minne mke anavutia upande wa Argentina na mume upande wa karakana, na sasa wamebadilishana kamba, kila mmoja anavuta upande wa mwenzake kwa hasira ileile. Mgahawa ukagawanyika. Kinyozi akasema wabaki, mwoka mikate, aliyekuwa ameamka, akasema waende na wamchukue na yeye. Padri Eusebio alisimama mlangoni, hajathubutu kuingia tangu asubuhi, akasema kwa sauti ndogo kwamba akiulizwa yeye, kosa lote ni la lesi. Ghigo akamwambia, "Padri, ingia unywe, mkono huu hauna kinyongo nawe." Nami? Nilikuwa nimesimama na kiganja changu hewani, tayari kukata, na hakuna wa kukatwa. Nikakishusha. Nikakifuta kwa aproni.

Palmira alikuwa wa kwanza kuishiwa. Akamtazama mumewe muda mrefu, mtu yule mweusi kwa vumbi na mikono mfukoni.

"Kweli utaacha?" akauliza polepole. "Karakana ya baba yako?"

"Ghigo ataichukua. Mkono ukipona. Farasi watafurahi, wataacha kupanga foleni."

"Na utaishije huko?"

Celso akatoa mikono mfukoni, akavuta sahani, akaanza kumega mkate. Alimega vipande vidogo vidogo, akavipanga pembeni, bila kula hata kimoja.

"Huko Rosario," akasema mwishowe, "kuna milima?"

"Fiorenzo ameandika ni tambarare. Tambarare kama hii meza. Unaangalia siku nzima huoni hata kilima."

Akafikiri. Nilikuwa karibu, niliuona uso wake chini ya vumbi, na naapa niliona kitu kinaanza kutembea nyuma ya macho yale, kama mwaka ule tajiri alipokwama mlangoni kwake.

"Basi gia hizi za Bigia hazifai," akasema. "Ni fupi mno. Itabidi nibadili gia zote, na minyororo. Tangi nalo nilipandishe juu, pampu haitakuwa na kazi."

"Celso."

"Nasema tu."

"Gia utabadili," Palmira akamwambia, akamsukumia kijiko kwa mkono wake wa kushoto. "Kula kwanza, utumbo unapoa."